Baada ya Makao: Nani Analinda Afya ya Kijana Anapoanza Kujitegemea?

Aliniamkia kwa adabu, akaketi, kisha akatoa mfukoni kopo dogo la dawa na kuliweka mezani. Ndani mlikuwa na vidonge viwili tu. "Nilivitunza, daktari," alisema, "ili nisisahau dawa yangu ilivyo."

Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 19. Alifika kliniki mjini Nachingwea akitokea machimbo ya dhahabu ya Namungo, wilayani Ruangwa, akiwa na kikohozi cha miezi miwili, jasho la usiku na mwili uliopungua kiasi cha kumlazimu kutoboa matundu mapya kwenye mkanda wa suruali. Baadhi ya habari zake nimezibadilisha, na nyingine nimezichanganya na za vijana wengine niliowahudumia, ili asitambulike.

Alizaliwa na maambukizi ya VVU. Mama yake alipofariki, alipelekwa kwenye makao ya watoto katika mkoa mwingine akiwa na miaka sita. Kwa miaka 12 hakukosa dawa hata wiki moja. Mlezi ndiye aliyeshika kadi, ndiye aliyemsindikiza kliniki, ndiye aliyepokea dawa dirishani, na ndiye aliyewaita watoto saa tatu usiku wameze. Alipotimiza miaka 18 na kumaliza Kidato cha Nne, alipewa begi, nauli, dawa za miezi mitatu na barua ya kumtambulisha kwa serikali ya kijiji anakoishi mjomba wake. Barua ilisema kuwa ni kijana mwenye tabia njema. Haikutaja kliniki, na haikupaswa kumfichulia mwenyekiti wa kijiji siri ya mgonjwa. Lakini hapakuwa na barua ya pili, iliyoandikwa kwa tabibu.

Nilimuuliza kwa nini hakwenda kituo chochote cha afya dawa zilipoisha. Alifikiri kidogo. "Sikujua mtu anaanzaje kusema," akajibu. "Siku zote aliyekuwa akisema ni mama mlezi."

Jibu hilo lilinikumbusha makosa yangu mwenyewe. Mwanzoni mwa kazi yangu ya utabibu wa watoto, tulikuwa na desturi ya kuandika katika jalada la kila kijana aliyevuka umri: "Ahamishiwe kliniki ya watu wazima." Tulitia sahihi, tukalifunga jalada, tukaamini kwamba tumemkabidhi. Hatukuuliza kama alifika. Leo naamini kwamba baadhi yao hawakufika, na kwamba sisi tulikuwa wa mwisho kuwaona.

Makala haya yanahusu pengo hilo: kipindi ambacho kijana anatoka katika mikono iliyomlea na bado hajazoea kujishika mwenyewe. Hoja yangu ni moja. Afya ya kijana haikabidhiwi kwa barua wala kwa tarehe ya kuzaliwa. Hukabidhiwa kidogo kidogo, kwa miaka kadhaa, na lazima awepo mtu anayeipokea.

Kuondoka kusiko na tarehe

Tunaposikia habari za vijana wanaotoka katika malezi, mawazo yetu huenda kwenye makao yenye geti na kibao. Wapo wanaolelewa humo, na wapo wanaolelewa katika malezi ya kambo au kwa walezi wa kuaminika chini ya usimamizi wa afisa ustawi wa jamii. Hao angalau wana jalada. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Basi siku anapoutimiza umri huo, mtu fulani ofisini huanza kuuliza ataelekea wapi.

Lakini katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, yatima wengi hulelewa na bibi, mama mdogo au mjomba. Wamwera, kama walivyo Wamakonde, Wayao na Wamakua, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana wajibu mzito kwa watoto wa dada yake. Malezi haya ya kindugu ni hazina ambayo nchi nyingine zinajitahidi kuijenga upya. Hata hivyo, yana udhaifu mmoja: kuondoka kwake hakuna tarehe. Huwa siku ile bibi anapofariki, au msimu ule kijana anapofuata wenzake machimboni, au jioni ile binti anapochukuliwa kwenda mjini kufanya kazi za ndani. Hakuna anayeandika barua. Hakuna anayeiita hali hiyo kuondoka katika malezi. Mhudumu wa kliniki huona tu jina lililoacha kutiwa alama, na kijana huingizwa katika orodha ya watoro.

Kijana anayerudi kutoka makao ya mbali hukutana na ugumu mwingine. Wenzake wa rika walipitia jando au unyago, yeye hakuwapo. Huenda akatazamwa kama mgeni katika ukoo wake, au kama mtoto ingawa ana ndevu. Binti aliyechezwa unyago huwa na somo wake, mwanamke mzima anayeweza kumwendea kwa maneno asiyothubutu kumwambia mwingine. Binti aliyelelewa makaoni mara nyingi hana. Kwa hiyo, anayemtafutia kijana ndugu wa kumpokea aanze na upande wa mama, na aulize si tu nani atampa pa kulala, bali nani atamsikiliza.

Kwa nini umri huu una hatari

Kati ya miaka 15 na 24 mwili huonekana una nguvu kuliko wakati wowote, na ndiyo sababu tunaupuuza. Sehemu za ubongo zinazosimamia kupanga, kusubiri na kupima hatari huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Kijana mwenye wazazi huazima busara ya nyumbani wakati yake inakomaa. Aliyetoka katika malezi hana pa kuiazima.

Kwa mwenye ugonjwa wa muda mrefu, kukatika kwa huduma kuna gharama inayoonekana haraka. Mwenye VVU aliyeacha dawa hupoteza kinga, na virusi vyaweza kujenga usugu. Mwenye kifafa anayekatisha dawa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo. Fikiria hilo likitokea ndani ya shimo la machimbo au kando ya moto wa kupikia. Mwenye selimundu asiyejua kwamba homa kwake ni dharura hungoja nyumbani hadi hali inapokuwa mbaya. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani, wakikadiriwa kufikia 11,000 kila mwaka. Wengi zaidi sasa wanafika utu uzima, na kufika huko kunahitaji kliniki inayowapokea.

Kwa mabinti kuna hatari ya ziada. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Binti asiye na pa kulala hana nguvu ya kujadiliana. Chumba, sabuni na nauli huwa chambo mikononi mwa mafataki. Elimu ya uzazi wa mpango ni ya lazima, lakini haitoshi bila usalama wa makazi.

Kisha kuna maumivu yasiyopimwa maabara. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa takriban theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14 na nusu kabla ya miaka 18, na kwamba kujiua ni sababu ya tatu ya vifo duniani kwa vijana wa miaka 15 hadi 29. Mtoto aliyefiwa, aliyetelekezwa au aliyehamishwa kutoka mkono hadi mkono hujifunza kutomtegemea mtu. Akiwa makaoni, kelele za wenzake humfariji bila yeye kujua. Anapolala peke yake chumbani kwa mara ya kwanza, ukimya huwa mzito. Sonona kwa vijana haiji daima kwa machozi. Huja kwa hasira, kwa kukosa usingizi, kwa maumivu ya kichwa yasiyoisha, au kwa pombe. Msimu wa korosho, uraka na nipa havikosekani, wala havidai kitambulisho.

Kijana asiye na kaya

Huduma zetu nyingi zimejengwa juu ya kaya. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliandikisha kaya ya watu wasiozidi sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. TASAF inaponusuru, inanusuru kaya maskini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inawatambua wasio na uwezo, lakini orodha inapotengenezwa kaya kwa kaya, anayesahaulika kwa urahisi ni yule asiyehesabiwa katika kaya yoyote. Kijana wangu alikuwa akilala kwenye turubai pamoja na wachimbaji watano. Hao hawakuwa kaya kwa hesabu ya mtu yeyote, ingawa ndio waliochangishana nauli ya kumleta hospitali.

Nyaraka nazo hufuatana kama shanga kwenye uzi mmoja. Bila cheti cha kuzaliwa, ni shida kupata kitambulisho cha NIDA. Bila namba ya NIDA, kijana hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake. Bila simu, kliniki haiwezi kumkumbusha siku yake. RITA ilipoanzisha usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano katika mikoa ya Lindi na Mtwara mwaka 2017, cheti kilisogezwa hadi kwenye vituo vya afya na ofisi za kata bila malipo. Ni hatua njema sana. Lakini wanaotoka katika malezi leo walikuwa wamekwisha kuvuka umri huo, na yatima aliyefiwa na mama mapema mara nyingi hana wa kuthibitisha alizaliwa wapi. Kazi hii ya nyaraka yaonekana si ya daktari. Mimi naiona kuwa sehemu ya tiba.

Maandalizi yaanze lini?

Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu Malezi Mbadala ya Watoto, iliyopitishwa na Baraza Kuu mwaka 2009, inaelekeza kwamba maandalizi ya huduma baada ya malezi yafanywe mapema, kabla ya siku ya kuondoka. Kwamba kijana apangiwe mtu mahususi wa kumsaidia kujitegemea. Na kwamba apate huduma za kijamii, kisheria na za afya. Jirani zetu wa Kenya wameandaa mkakati wa mageuzi ya malezi wa mwaka 2022 hadi 2032, na huko vijana waliolelewa makaoni wana chama chao wenyewe kinachowasemea. Hapa kwetu, Ajenda ya Taifa ya kuharakisha uwekezaji katika afya na maendeleo ya vijana balehe, iliyozinduliwa mwaka 2021, iliweka pamoja VVU, mimba za utotoni, ukatili, lishe, elimu na stadi za kazi. Mpango wa Ujana Salama, uliojaribiwa Mufindi na Rungwe kwa vijana wa kaya za TASAF, uliunganisha ruzuku, mafunzo ya maisha, mlezi wa kumshauri kijana na vituo vya afya vyenye huduma rafiki. Kwa hiyo msingi upo. Kinachohitajika ni kuushusha hadi kwa kijana mmoja aliye mbele yetu.

Katika kliniki yangu sasa tunafuata hatua hizi.

*Kabla ya miaka 12.* Mtoto ajue jina la ugonjwa wake. Kwa VVU, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa umri wa shule aelezwe hali yake hatua kwa hatua. Anayemeza "dawa za kifua" kwa miaka kumi bila kuambiwa ukweli ataziacha siku kifua kisipouma.

*Miaka 13 hadi 15.* Aanze kuingia chumba cha daktari peke yake kwa dakika chache, kisha mlezi aitwe. Asimulie mwenyewe anachomeza, saa ngapi na kwa nini. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupima VVU.

*Miaka 16 na 17.* Achukue dawa dirishani mwenyewe, mlezi akiwa amekaa kwenye benchi. Hatua hii huonekana ndogo, lakini ndiyo ambayo kijana wangu hakuwahi kuifanya. Cheti cha kuzaliwa kifuatiliwe sasa, si baadaye. Binti aulizwe kuhusu chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi.

*Anapokaribia 18.* Kiandikwe kituo atakakohamia, na mhudumu wa kule apigiwe simu akiwa bado hapa. Apewe muhtasari wa ukurasa mmoja: ugonjwa, dawa na dozi, mzio, vipimo vya mwisho, tarehe ya kurudi.

*Hadi 21 au zaidi.* Kliniki iliyomtoa ithibitishe kwamba alifika, na iulize tena baada ya miezi mitatu na sita. Uhamisho haujakamilika kwa sababu barua imeandikwa. Umekamilika kijana alipoonwa mara mbili huko alikokwenda.

Kwa mhudumu wa afya

Ndugu mhudumu, huhitaji jengo jipya ili kuanza. Anza na swali: "Unaishi na nani sasa?" Uliza kila mara, kwa sababu jibu hubadilika. Kijana akisema amehama, ichukue habari hiyo kwa uzito uleule ambao ungempa mwenye joto la nyuzi 39.

Panga tarehe kwa kalenda ya mahali. Kuanzia Mei watu wako kwenye ufuta. Kuanzia Septemba wako kwenye mikorosho. Mgonjwa aliyetulia kwenye dawa za VVU aweza kupewa za miezi mitatu hadi sita. Mpe kabla msimu haujaanza, na umuulize atazihifadhi wapi akiwa shambani au machimboni. Aliyekatisha dawa na kurudi asikaripiwe. Amerudi, hiyo ndiyo habari kubwa. Anayekohoa achunguzwe kifua kikuu, hasa akitoka machimboni, ambako vumbi na msongamano huongeza hatari. Na akiwa kwenye rifampisini, kumbuka kwamba dolutegraviri hutolewa miligramu 50 mara mbili kwa siku.

Uliza pia juu ya moyo wake, kwa maneno ya kawaida: "Unalala vizuri? Umewahi kuona ni afadhali usiwepo?" Kuuliza hakumtii mtu wazo la kujiua, humfungulia mlango. Akijibu ndiyo, usimwache aondoke peke yake. Mwite mhudumu wa afya ya akili au tabibu wa zamu, na mtafute mtu wa kukaa naye usiku huo.

Mwisho, jua majina. Jua namba ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kila kijiji, na nyakanga au kungwi anayeheshimika. Yule asiye na uwezo wa kulipia matibabu huombewa msamaha kupitia ustawi wa jamii. Dawa za VVU na za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Kwa kipato, halmashauri hutenga sehemu ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 ni ya vikundi vya vijana. Kijana aliyetoka makaoni hawezi kujiunga na kikundi asichojua kipo.

Kwako wewe kijana

Kama umelelewa na makao, na bibi au na jirani mwema, na sasa unaanza kusimama mwenyewe, shika mambo manne. Jua jina la ugonjwa wako na la dawa yako, liandike, litunze. Weka cheti chako cha kuzaliwa na kadi ya kliniki mahali pakavu, na mwachie mtu unayemwamini nakala. Ukihama, ingia kituo kilicho karibu kabla dawa hazijaisha, useme hivi: "Nimehamia hapa, natumia dawa hizi, naomba kuendelea." Maneno hayo yanatosha, mengine atakuuliza mhudumu. La nne, chagua mtu mzima mmoja utakayempigia ukizidiwa. Huna? Mwambie mhudumu kwamba huna, naye akusaidie kumpata. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo, na 116 ni ya huduma kwa mtoto.

Kutegemea mtu baada ya miaka 18 si utoto. Watoto wetu tuliowazaa hutupigia simu wakiwa na miaka 30 kuuliza homa hii ni ya nini. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nasi tulio katika vituo vya afya ni sehemu ya ulimwengu huo, na tunaweza kuchagua namna ya kufunza.

Yule kijana alikutwa na kifua kikuu. Alianza dawa, na baada ya siku chache akarudishiwa za VVU. Mjomba wake alikuja kutoka kijijini kwa bodaboda, akiwa na hasira kwamba hakuambiwa mapema. Walizungumza nje, chini ya mwembe, kwa muda mrefu. Sikujua walisemezana nini, na haikuwa kazi yangu kujua. Katikati ya matibabu alipotea wiki tatu, akarudi. Ziara ya mwisho nilipomwona, mjomba alikuwa ameketi kwenye benchi, na kijana alikuwa mwenyewe dirishani, akimtajia mfamasia majina ya dawa zake.